Ukikata Mtundu, Umekata na Uyoga Wake

Wajukuu zangu,

Haya ni maneno ya bibi kwa ninyi mnaoshika panga, kiberiti, nyavu na bomba la dawa katika nchi hii ya Buha. Siwaandikii wazee wenzangu. Walichokata wamekwisha kukikata. Nawaandikia ninyi kwa sababu pori lililobaki kati ya Kasulu na Kibondo liko mikononi mwenu, na mnalimaliza kwa kasi ambayo sisi, kwa shoka butu na miguu mitupu, tusingeifikia hata tungetaka.

Nimefundisha sayansi katika shule za msingi za Kasulu na za Kibondo, na tangu nistaafu nasoma kila kinachonifikia kuhusu mimea na wanyama wa nchi yetu. Wasomi wanatumia darubini, satelaiti na maabara, lakini wanayoyakuta yanazidi kukubaliana na mama zetu ambao hawakwenda shule. Nayo yote yanaishia kwenye neno moja: kila kiumbe kina mwenzake. Anayeuza kimoja ameuza viwili, na bei amepokea ya kimoja.

Mtasema bibi anataka kutufunga mikono. La hasha. Nataka mjue mnachouza kabla hamjapokea pesa.

Tuanze na mti. Mvua za Novemba zikishakolea, ingia chini ya mtundu mkubwa, upige magoti. Ondoa majani makavu, fukua udongo kwa vidole, ufuate mzizi mwembamba mpaka nchani. Utaikuta ncha imevimba kidogo, fupi na butu, imevikwa utando mweupe au wa manjano. Na kutoka kwenye utando huo nyuzi laini kuliko unywele zinatambaa udongoni pande zote. Utando ule si ngozi ya mzizi. Ni uyoga, ule ule utakaochomoza juu baada ya siku chache na kuingia kwenye kikapu cha mama yako.

Mtundu, muyombo, muba na mkusu, miti mikuu ya mapori yetu ya miombo, yote huishi hivyo. Udongo wetu mwekundu una fosforasi kidogo, na mzizi peke yake haufiki mbali. Nyuzi za uyoga hufika. Zinaleta maji na virutubisho, na mti unalipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani juani. Ni kikoba kile mnachokijua: kila mwanachama anaweka alicho nacho, anakopa asicho nacho, na siku mmoja akitoroka na sanduku, wote wanarudi nyumbani mikono mitupu. Ukiangusha mtundu, sukari imekatika. Nyuzi zinakufa njaa chini ya ardhi mahali usipopaona, na mvua zijazo mama zenu wanapita hapo na vikapu, wanashangaa kwa nini pamekuwa jangwa.

Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu kizima cha uyoga wa Tanzania mwaka 2003. Ukikisoma utaona jinsi uyoga mwingi unaoliwa katika ukanda wa miombo ulivyofungamana na mizizi ya miti hii. Kwa hiyo msidanganyike kwamba mkipanda mikaratusi mahali pa mtundu mmelipa deni. Mkaratusi una faida zake kwa nguzo na kuni, na mwenye shamba aupande. Lakini ni mgeni hapa, na sehemu kubwa ya uyoga wetu haihamii kwake.

Uyoga wa kichuguu nao una mwenzake, na huyo ni mchwa. Mchwa hawezi kuyeyusha mti mkavu peke yake. Anautafuna, anaujenga kuwa masega ndani ya kichuguu, na juu ya masega hayo analima uyoga unaomlainishia chakula. Mvua ikinyesha, shamba hilo la gizani linachomoza juu, nasi tunakula. Sasa nawaona mnabomoa vichuguu kwa ajili ya tofali za kuchoma. Udongo wake ni mzuri, sibishi. Lakini acheni vile vinavyotoa uyoga kila mwaka. Akina mama wa kijiji chenu wanavijua kimoja kimoja, waulizeni. Na huo uyoga, kamwe usile usioufahamu. Katika jambo hilo hakuna majaribio.

Baada ya panga, kiberiti. Kuhusu moto tunazo habari za miaka mingi, kwa sababu mwaka 1933 maofisa wa misitu kule Ndola, Zambia ya leo, waligawa pori la miombo katika viwanja. Vingine walivichoma kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, vingine mwishoni mwa kiangazi, vingine wakavizuilia moto kabisa. C. G. Trapnell alichapisha matokeo mwaka 1959. Viwanja vilivyozuiliwa moto vilifunga msitu. Vilivyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevunyevu, vilibaki na miti yake. Vilivyochomwa mwishoni, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, vilipoteza miti ya miombo na kuwa nyasi tupu na miti michache sugu.

Pori lile lile, udongo ule ule, mvua ile ile. Kilichotofautiana ni mwezi wa kuwasha kiberiti. Na huku kwetu mnachoma lini? Agosti, Septemba, Oktoba. Mmoja anatafuta majani mabichi ya ng'ombe, mwingine anamfukuza panya buku, mwingine anasafisha shamba na moto unamponyoka. Moto wa Oktoba hauunguzi nyasi peke yake. Unakuta miche ya mtundu na mninga imesimama kimo cha goti, imejitahidi misimu kadhaa, unairudisha chini kwenye mzizi ianze upya. Mwaka unaofuata unairudia. Mti mkubwa utaona bado umesimama na utadhani pori li hai, kumbe ni kijiji cha wazee kisicho na mtoto hata mmoja. Mkilazimika kuchoma, chomeni Mei au Juni, jioni, upepo ukiwa umetulia, njia ya kuzuia moto imelimwa, na serikali ya kijiji inajua.

Ninyi wa Kibondo na Kakonko, asali imesomesha watu kwenu kabla ninyi hamjazaliwa. Asali ya huku ni maua ya mtundu na muba yaliyopita mdomoni mwa nyuki. Basi inakuwaje mrina asali huyo huyo anabandua gome la muyombo mzima ili apate mzinga? Mti uliobanduliwa gome kuuzunguka umekatiwa njia ya chakula chake, hauponi. Umeua anayelisha mzinga ili upate mzinga. Tumieni masanduku, au magogo ya miti iliyokwisha anguka. Na anayeunguza nyuki kwa mwenge wa moto usiku arudi shule. Moshi kidogo unatosha kuwatuliza.

Katika kazi hii kuna rafiki yetu mmoja ambaye vijana wengi wa leo hawamjui tena: mlembe, ndege mdogo wa kijivu anayemwita mtu kwa kelele na kumpeleka mpaka kwenye nyuki. Mtu anavunja mzinga, anachukua asali. Ndege anabaki na nta, kwa maana ni miongoni mwa ndege wachache wanaoweza kuila. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha katika jarida la Science walichokiona Niassa, Msumbiji. Warina asali wa Kiyao wakitoa mlio wao wa kurithi, uwezekano wa kuonyeshwa nyuki unapanda kutoka takriban asilimia 17 hadi 54. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood walikuja na jambo la ajabu zaidi. Wahadzabe wa kwetu Tanzania humwita ndege huyo kwa mluzi. Walipomchezea ndege wa Uhadzabe mluzi wa Wahadzabe, aliitika zaidi ya mara tatu kuliko alipochezewa mlio wa Wayao. Ndege wa Msumbiji naye aliuitikia zaidi mlio wa Wayao. Maana yake ndege hawa hujifunza wito wa watu wanaoishi nao.

Lisikilizeni vizuri hilo. Mlembe wa porini kwenu alijifunza kutoka kwa babu zenu. Mkiacha kumwita, ataacha kuja, na mkimwita siku moja kwa shida hatawaelewa. Urithi huu haukatwi kwa panga wala hauchomwi. Unakufa kwa kusahauliwa tu. Kijana mwenye babu mrina asali amfuate porini angali na nguvu za kutembea.

Sasa twende shambani, maana najua ndiko mliko. Kasulu ni maharage, na maharage siku hizi ni bomba la dawa. Kijana anapulizia ua likifunguka, anapulizia akiona mdudu yeyote, hata mdudu kibibi mwekundu mwenye madoa anayekula vidukari, hata buibui. Kwake wote ni wadudu. Nawaambia mnawaua vibarua wenu pamoja na wezi wenu.

Mwaka 2015 Prisila Mkenda na wenzake walichapisha majaribio yaliyofanyika katika mashamba ya maharage kaskazini mwa Tanzania. Walichukua mimea ya kando ya shamba ambayo ninyi mnaita magugu: utupa, alizeti pori, kishona nguo, na mtugutu, ule wenye majani machungu ambao huku magharibi wengi wanauita mubirizi. Walikausha majani, wakayasaga, wakayaloweka kwenye maji yenye sabuni kidogo, wakachuja na kupulizia. Wadudu waharibifu walipungua, mavuno yalikaribiana na ya dawa za dukani, faida ikawa nzuri kwa sababu gharama ilikuwa ndogo, na wale wadudu rafiki hawakuumia sana kama kwa dawa za dukani. Miaka mitano baadaye Filemon Elisante na wenzake, wakifanya kazi mkoani Kilimanjaro, walionyesha kwamba hata maharage, ambayo tulifundisha kwamba hujichavusha yenyewe, huzaa vizuri zaidi nyuki na wadudu wengine wakiyatembelea. Yaliyofungiwa wavu wasifike yalizaa pungufu.

Kwa hiyo ule ukingo wa shamba mnaoufyeka mpaka ukawa uwanja wa mpira ndiyo nyumba ya nyuki, ya buibui na ya dawa yenyewe. Acheni hatua mbili tatu za vichaka na maua kuzunguka shamba. Na ukilazimika kutumia dawa ya dukani, usipulizie asubuhi maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini. Subiri jioni warudi mzingani, ufuate kipimo cha kwenye chupa, na usioshee bomba mtoni.

Nimetaja utupa, na hapo lazima nisimame, maana najua kuna masikio yamesimama pia. Utupa shambani unaokoa maharage. Utupa mtoni ni wizi. Mnautwanga, mnautia kwenye dimbwi kiangazi, na baada ya muda mfupi samaki wanaelea juu, wakubwa na vifaranga, wanaoliwa na wasioliwa. Sumu ile humzuia samaki kuitumia hewa iliyo ndani ya maji, kwa hiyo haichagui. Umepata karai moja la leo, umewanyima wa chini ya mto mwaka mzima. Mtaani kwetu tungemwita mtu huyo kwa jina lake.

Na mto wenyewe si wa kijiji kimoja. Maji ya Ruchugi yanayopita Kasulu, na ya Muyovozi upande wa Kibondo, yote huishia Malagarasi, na Malagarasi huishia Ziwa Tanganyika. Wanajiolojia wanasema mto huo ni mzee kuliko ziwa lenyewe: kabla ardhi haijapasuka na ziwa kujaa, ulitiririka kuelekea Kongo. Ndiyo maana Malagarasi ina baadhi ya samaki wenye ndugu zao katika mto Kongo ilhali katika ziwa lililo kati yao hawaonekani. Tarehe 13 Aprili 2000 ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi iliandikwa kuwa ya kwanza ya Tanzania kuingia katika Mkataba wa Ramsar, hekta 3,250,000, eneo kubwa kuliko nchi nzima ya Burundi. Dunia nzima inalijua bwawa lenu kwa jina. Ninyi mnalijua kama mahali pa kuchoma mafunjo.

Humo anaishi korongo-nyangumi, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye domo pana, anayeweza kusimama saa nzima bila kutikisika akimvizia kamongo anayepanda juu kuvuta hewa. Kamongo huishi kwenye maji mazito yasiyo na hewa ya kutosha, ndege huyo huishi kwa kamongo. Duniani kote wanakadiriwa kubaki kati ya 5,000 na 8,000. Jike hutaga yai moja hadi matatu juu ya kiota cha mimea inayoelea, na kwa kawaida kifaranga kimoja tu ndicho hufika kuruka. Sasa mvuvi anapochoma mafunjo ili afungue njia ya mtumbwi, kiota kinaungua na jike linaanza upya mwaka ujao, kama litaanza. Ukiongeza wale wanaotafuta vifaranga vya kuuza kwa wafuga ndege wa nchi za mbali, hesabu haihitaji mwalimu.

Wazee wengine watawaambia kwamba pori la Malagarasi na Muyovozi halikuwa na watu tangu kuumbwa. Halikuwa hivyo. Miaka ya 1930 Waingereza waliwahamisha watu wengi wa Buha kutoka mapori ya malale na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Ndorobo akabaki mwenye nchi, ng'ombe hawakuweza kukaa, na nyati, nzohe na mafunjo vikapumua. Ndorobo tulimchukia kwa haki, ametuulia ndugu. Lakini aliyeondoa hofu ya ndorobo bila kuweka sheria mahali pake amefungua zizi usiku. Leo makundi ya ng'ombe yanaingia bwawani kiangazi yakitafuta majani, yanakanyaga kingo za mito, na ugomvi wa mfugaji na mkulima umekuwa habari ya kila mwaka.

Niwasimulie la sokwe, kisha nirudi kwenu. Ng'ambo ya Malagarasi, katika bonde la Issa, wapo sokwe wanaoishi kwenye miombo mikavu kama yetu, si kwenye msitu mzito. Mwaka 2022 Rhianna Drummond-Clarke na wenzake walichapisha katika Science Advances kwamba sokwe hao, ingawa nchi yao ni wazi, wanaposimama kwa miguu miwili zaidi ya asilimia 85 ya mara hizo wako juu ya miti, wakitafuta chakula kwenye matawi. Watu wanaouliza binadamu alianzaje kusimama wima wanakuja kutafuta jibu huku magharibi mwa Tanzania, kwenye mtundu na mninga. Mkaa wa gunia moja unaweza kuwa ukurasa wa kitabu cha jibu hilo.

Na kule Mahale, Novemba 1987, mtafiti Michael Huffman alikuwa porini na mzee wa Kitongwe, Mohamedi Seifu Kalunde. Waliona sokwe jike aliyeitwa Chausiku, mgonjwa, hana nguvu wala hamu ya kula. Akauendea mti mmoja, akavunja tawi changa, akamenya maganda, akatafuna kiini kichungu na kunyonya maji yake. Kesho yake alikuwa amepata nafuu. Mzee Kalunde aliutambua mti huo papo hapo, kwa kuwa Watongwe huutumia kwa maradhi ya tumbo. Ulikuwa mtugutu. Mti ule ule uliolinda maharage katika majaribio niliyowaeleza. Baadaye wanakemia wa Japani walikuta ndani yake viini vinavyopambana na vijidudu vya tumboni. Mzee Kalunde alisimulia pia kwamba babu yake alipata dawa ya kuhara damu kwa kumwangalia nungunungu mgonjwa akichimba mzizi. Hapo ndipo maarifa yetu yalipotoka: mtu mwenye subira alimtazama mnyama. Mnyama akiisha, na mwalimu ameisha. Wataalamu waliokusanywa na jopo la serikali za nchi nyingi walisema mwaka 2019 kwamba aina za viumbe zinazokaribia milioni moja ziko hatarini kutoweka duniani. Wengi wao hakuna aliyewahi kuwauliza wanafanya kazi gani.

Najua mnachonijibu. "Shikamoo bibi, lakini ada ya mtoto hailipwi na korongo." Marahaba. Ni kweli, na mzee anayekataa njaa ya kijana hafai kusikilizwa. Lakini fanya hesabu pamoja nami. Mninga huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kupasua mbao. Aliyekupa huo unaoukata hakuuona ukikua. Ukiuza magunia ya mkaa leo, pesa itafika nyumbani mara moja. Uyoga, asali, dawa, kuni za kuokota na chemchemi vilikuwa vikifika kila mwaka bila risiti, ndiyo maana hukuvihesabu. Kati ya 2002 na 2013 nchi yetu ilipoteza wastani wa hekta 469,000 za misitu kila mwaka kwa hesabu ya serikali yenyewe. Mali bila daftari huisha bila habari. Hata wanunuzi wa nje wamebanwa: mkurungu uliingizwa katika orodha ya biashara inayodhibitiwa kimataifa mwaka 2019, na mwaka 2022 ikafuata jamii yote ya mininga ya Afrika. Anayekununulia gogo usiku anajua hilo, ndiyo maana anakuja usiku.

Tena msijifiche nyuma ya wakimbizi. Ni kweli kambi zimekula kuni. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo, na 2015 Warundi wakaja kwa wingi, wakajaza Nyarugusu na Nduta. Mtu asiye na gesi wala mkaa atapika kwa mti ulio karibu. Shirika la TRAFFIC lilichapisha ripoti mwaka 2008 kuhusu nyama ya porini katika kambi za kaskazini magharibi, nyama iliyoitwa mchicha wa usiku kwa kuwa ilipikwa giza likiingia. Chanzo kikubwa kilikuwa mgao usio na nyama, na biashara hiyo iliwahusisha wenyeji pia. Mkimbizi alikata mti kwa sababu ya sufuria moja. Lori la mbao linaloondoka alfajiri halikupakiwa na mkimbizi.

Sasa nawaagiza, maana nasaha bila agizo ni porojo.

Kwanza, mashina ya miti mliyoyakata yasing'olewe. Mtundu na wenzake huchipua upya kutoka kwenye kisiki na kwenye mizizi. Chagua machipukizi mawili yaliyonyooka, punguza mengine, zuia moto na ng'ombe kwa misimu michache. Kule kuzunguka Gombe vilima vilikuwa vipara miaka ya mwanzo ya 1990. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Kigoma Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, aliona kwamba sokwe hawatapona kama vijiji havitapona, na mwaka 1994 taasisi yake ikaanza kazi ya TACARE na wanakijiji wenyewe. Vijiji vilipanga matumizi ya ardhi, vikatenga misitu yao, na sehemu kubwa ya uoto ikarudi kutoka kwenye visiki hai, bila mche wa kununua.

Pili, ijueni sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kutunga sheria ndogo na kukusanya mapato yake chenyewe. Kule Kilwa, vijiji vilivyofanya hivyo vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa misitu, FSC, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii, vikauza mbao kwa kupima na kuhesabu. Kumbe mti unaweza kuuzwa na msitu ukabaki.

Tatu, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Mnajua mnapokuwa siku hiyo: kijiweni, kwenye bodaboda, kwenye mpira. Wanaobaki mkutanoni ni sisi wazee na mtu mmoja mwenye shati safi aliyekuja kuomba eneo. Nendeni. Mkifika, ulizeni maswali matatu kwa sauti, na mwandishi wa kikao ayaandike: msitu wa kijiji chetu unaanzia wapi na kuishia wapi; nani amepewa kibali cha kukata, na pesa zimeingia wapi; na mwaka huu tunachoma mwezi gani. Kiongozi mwema atafurahi kuulizwa. Asiyefurahi amekwisha kujibu.

Mkishindwa hata hilo, basi msije kuniuliza uyoga umekwenda wapi. Nimewaambia mapema, na nimewaandikia, ili pasiwe na mjukuu wa kudai kwamba bibi alijua akanyamaza.